Utani Uliomruka Cóilín

Watu hawakuja kwa Festy kusikiliza nyimbo tu. Walikuja kutaniwa. Mlango wa baa ya kina Folan ukifunguka, yeye hukatiza wimbo katikati amshughulikie anayeingia: huyu kwa kofia yake, yule kwa trekta lake lililozama matopeni, na mtaniwa hukaa akitabasamu mpaka anarudi kwao. Ukiona Festy kakuruka, ujue kuna jambo.

Jumapili ile mchana Sorcha alikuwa ametoka mjini Galway na mitambo yake kuja kumrekodi Festy. "Sitaki nyimbo peke yake," alimwambia. "Nataka na maneno yako. Watu wasikie mnavyopendana hapa."

Basi Festy akamwaga utani, na baa ikacheka mpaka mwenye baa akasahau kujaza glasi. Kisha mlango ukafunguka, akaingia mzee Cóilín, tai nyeusi shingoni, akaketi mbele, palepale alipozoea kukaa na mkewe Baibín. Festy akainamia gitaa lake na kuendelea na ubeti uliofuata.

Tusifichane. Baibín ndiye aliyemfundisha Festy kuimba, jikoni kwake, huku akimenya viazi. Alipofariki mwezi uliopita, Festy aliwekwa kati ya wabeba jeneza. Asubuhi ya mazishi akatuma ujumbe kwamba yuko kitandani, ana homa kali. Homa gani! Alikuwa Galway, amealikwa redioni, na kukataa kulimshinda. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake haikufika hata mlangoni: wanawake waliokuwa wakikata mikate ya msiba jikoni kwa Baibín walikuwa wamefungua redio hiyohiyo.

Tangu siku hiyo hakupita tena mbele ya nyumba ya Cóilín. Na sasa alimtania mwenye baa, akamtania mwalimu Tadhg, akamtania hata mbwa aliyelala karibu na moto. Jicho lake likifika kwenye kile kiti, linaruka. Mzee alingoja tu, mikono magotini, na watu wakaanza kuona.

"We Festy," Cóilín akasema mwishowe. "Mpaka mbwa kapata. Mimi nimekukosea nini?"

Festy alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hujanikosea kitu, mzee."

"Basi ngoja nianze mimi. Nafasi yako ya kubeba jeneza tulimpa Tadhg, na kimo cha Tadhg unakijua. Baibín wangu kaenda kaburini kainama upande mmoja, kama alivyokuwa akitoka humu kila Krismasi."

Watu wakaangua kicheko. Tadhg mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi.

"Na redioni ulituchekesha," mzee akaendelea taratibu. "Mimi nimekaa na maiti ya mke wangu chumbani, sauti yako inakuja kutoka jikoni, nacheka. Nikasema, laiti naye angesikia."

Hapo hakuna aliyecheka. Uso wa Festy ulimwiva kwa haya. Angetukanwa, angejua la kujibu. Alifungua kinywa aimbe, akakifunga tena.

Cóilín akainuka, akamshika mkono, akaanza kuuzungusha polepole, kama wanavyofanya kwao kumtia nguvu anayeimba wimbo wa zamani. Festy akaweka gitaa chini, akaimba wimbo aliofundishwa na Baibín, akakosea maneno, akaendelea hivyohivyo hadi mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika, Sorcha akamsogelea. "Yale maneno ya katikati naweza kuyakata," akanong'ona. "Hakuna atakayejua."

Festy alitaka kusema kata. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akamfikiria mzee chumbani na maiti, anacheka.

"Yaache," akasema. "Yote. Na wao wasikie."

Cóilín alikuwa ameshavaa kofia. Akamrushia Festy koti lake.

"Haya, mgonjwa," akasema. "Funga vifungo usije ukazidiwa. Twende kaburini ukamsalimie mwenyewe."