Plastiki ya Manjano kwenye Koo la Shetani

"Mwambie mama yako aondoe kiwiko chake ubavuni mwangu," alisema Stefa.

"Mwambie mama mdogo wako kwamba treni hii hakuirithi kwa mumewe," akajibu Halina.

Yanina alikuwa amekaa mbele yao kwenye treni ndogo ya hifadhi, magoti yake yamebanana na yao. Tangu watoke mjini Apóstoles kwa basi alfajiri alikuwa amegeuzwa simu ya upepo. Dada hawa wawili, mama yake na mdogo wa mama yake, walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi ya babu, siku Halina alipomwambia mwenzake mbele ya waombolezaji kwamba kulia anajua, kuuguza hajui. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Kununa kwao kulikuwa sasa kunaingia mwaka wa tatu.

Kilichowakalisha kiti kimoja ni bibi. Bibi Paraska, mama yao, aliishi na Halina, na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alishasema hivyo bila kuzungukazunguka. Stefa alikuwa akija kutoka mji wa Posadas kumwona, lakini siku zile tu ambazo Halina hayupo.

"Nilipokuwa na nguvu niliwaahidi kuwapeleka Iguazú, kwenye maporomoko," bibi alimwambia Yanina. "Kila mwaka uvunaji wa majani ya yerba ukakataa. Sasa waende wenyewe. Nipigie picha moja, wawili hao wamesimama pamoja, maji yako nyuma yao. Nikiiona hiyo nitalala vizuri." Akainua kidole. "Na msinidanganye tena."

Alikuwa na haki ya kushuku. Krismasi iliyopita binamu mmoja alimuunganishia picha mbili kwa simu. Bibi aliitazama kidogo tu, akauliza inakuwaje Halina amevaa gauni lisilo na mikono na Stefa amevaa koti la baridi, au siku hizi baridi inachagua mtu?

Yanina alikuwa amemaliza chuo cha ualimu mwaka huo, na aliamini kwa moyo wote kwamba watu wawili hawawezi kusimama mbele ya kitu kikubwa namna ile wakaendelea kununiana. Picha alikuwa ameshaipanga kichwani: mama kushoto, mama mdogo kulia, upinde wa mvua katikati. Hakuwa amewapanga watu wengine wote.

Kwenye daraja la chuma linaloelekea Koo la Shetani, poromoko kubwa kuliko yote, watu walitembea kama wanaoingia uwanjani siku ya fainali. Vigari vya watoto, mafimbo ya kujipigia picha, vikundi vya Wabrazili wakiimba. Mngurumo ulisikika kabla maji hayajaonekana. Na yalipoonekana, mto mzima ukijitupa shimoni na kupanda tena hewani ukiwa moshi, Yanina aliona migongo. Migongo mitatu mitatu, mpaka kwenye vyuma vya ukingoni.

Alivumilia, akasogea hatua kwa hatua, akapata nafasi ukingoni. Akageuka kuwaita.

"Binti, samahani," akasema mzee mmoja mwenye jezi ya timu ya taifa, "wewe mwenye kamera ya maana unaonekana unajua. Tupige na sisi."

Hakuweza kukataa. Hajawahi kuweza. Akawapiga yeye, mkewe, wakwe na wajukuu, na mjukuu mmoja akafumba macho, wakarudia. Alipowarudishia simu yao, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na watu wengine. Akapambana upya. Wakaja maharusi, wakamwomba kwa upole mpaka akaona aibu kusita.

"Utawapiga picha watu wa nchi nzima?" Halina alimfokea.

"Mwambie mama yako," akasema Stefa, "kwamba leo kwa mara ya kwanza nakubaliana naye."

Kisha Stefa akachoka kungoja, akafanya kile ambacho mtu wa jimbo lao la Misiones hufanya akichoka kungoja, popote alipo. Akaibana chupa ya maji ya moto kwapani, akatoa kibuyu kilichojaa yerba, majani ya chai ya kwao, akachomeka mrija, akamimina. Kibuyu ni kimoja kwa wote: mmiminaji hukijaza na kumpa kila mtu kwa zamu, na tangu asubuhi mmiminaji alikuwa yeye. Kibuyu kilikuwa kimemfikia Yanina, kimemfikia dereva wa basi, hata mama mmoja asiyemjua kwenye foleni. Halina alirukwa kila zamu. Kumruka mtu aliyemo kwenye duara ni kumwambia kwamba hayupo, na Halina, aliyezaliwa katikati ya mistari ya yerba, alikuwa ametazama vichaka kutwa nzima akijifanya hana kiu.

"Sasa!" Yanina akapiga kelele. Kona ya ukingo ilikuwa wazi. "Mama, simama hapo! Mama mdogo, na wewe! Karibianeni!"

Wakasimama. Wakaacha pengo pana kati yao, na kijana mmoja mwenye fimbo ndefu ya simu akaona amekaribishwa, akajitumbukiza katikati yao akitabasamu.

"Kaka, tafadhali!"

"Dakika moja tu, mrembo."

"Hiyo dakika moja umeshaisema mara tatu!"

"Basi unajua kwamba sisemi uongo, nairudia ileile."

Machozi yalimkaribia Yanina. Alipangusa lenzi kwa shati, na shati lilikuwa limelowa, kwa hiyo akaipaka maji tu. Kijana alipoondoka, upepo nao ukageuka.

Wingu zima la manyunyu lilipanda kutoka shimoni na kuwaangukia. Watu walipiga mayowe kwa furaha. Stefa hakupiga mayowe. Alikuwa ameshika kibuyu wazi, mvua ya baridi ikiingia moja kwa moja kwenye yerba.

Halina aliona. Mambo mengi aliweza kuyatazama bila kusema neno, lakini si yerba nzuri inayofishwa kwa maji baridi. Alilivua koti lake la plastiki ya manjano, akaruka lile pengo, akalitandaza juu ya kibuyu, juu ya chupa, juu ya kichwa cha mdogo wake, na kichwa chake mwenyewe akakiingiza ndani.

Yanina aliinua kamera. Ndani ya kioo aliona plastiki ya manjano yenye miguu minne.

"Toeni vichwa! Mama! Toeni vichwa nje!"

Plastiki haikujibu. Ilikuwa inazungumza yenyewe.

"Umeshaiosha. Haina ladha tena."

"Imeoshwa na maji ya mto, siyo mimi!"

"Nani anafungua kibuyu mahali kama hapa? Lete nionje."

Kisha mlio wa mrija ukinyonya mpaka mwisho. Anayetosheka hurudisha kibuyu kwa kusema ahsante. Halina alikirudisha bila kusema kitu, na ndani ya plastiki maji yakasikika yakimiminwa tena.

"Binti, unapiga au hupigi?" mtu alimsukuma kwa nyuma. "Wenzako tunangoja."

"Toeni vichwa, nawaombeni!" Yanina alilia kabisa sasa.

Vichwa viwili vikachomoza pamoja, nywele zimelowa, nyuso zimekunjamana kwa hasira ileile. "Subiri tumalize!" walimfokea kwa sauti moja, na yeye akabonyeza.

Mlinzi aliwaambia wapishe wengine. Hapakuwa na nafasi ya picha ya pili. Darajani, Yanina aliitazama. Vinywa viwili wazi, plastiki, na nyuma yao weupe mtupu. Hapakuwa na maporomoko, hapakuwa na mto. Ingeweza kuwa imepigwa ukutani kwenye chumba cha kufulia. Mahali maarufu kuliko yote nchini, na yeye alikuwa ameyakosa maji. Alitamani kuitupa kamera iwafuate samaki.

"Hebu," akasema Stefa, akachungulia. "Mama hataiamini hii."

"Hataiamini kabisa," akasema Halina. "Atauliza maji yako wapi."

"Itabidi mtu akamweleze."

"Mimi nikimweleza peke yangu atasema nimedanganya."

Walitembea kidogo. Watu waliwapita wakikimbilia treni.

"Jumapili nipo," alisema Stefa.

"Jumapili na mimi nipo nyumbani. Siendi popote."

"Najua kwamba upo. Nyumba ya mama yangu mpaka nialikwe?"

"Nani kasema ualikwe? Njoo. Ila nitamimina mimi."

"Unamimina maji ya moto mno."

"Afadhali ya moto kuliko ya mto!"

Wakaendelea kugombana hivyo mbele yake, bega kwa bega kwa kuwa daraja lilikuwa limejaa, na hakuna aliyemgeukia kumtuma neno kwa mwenzake. Yanina aliifuta lenzi mara nyingine, akawaita wageuke. Hawakumsikia. Mtu alimkanyaga kisigino, akaomba radhi kwa Kireno, akamnyooshea simu apige picha.

"Hapana," alisema Yanina, akakimbia kuwafuata wazee wake.