Mtu wa Mwisho Kumwona

Ofisi yetu ilipopewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kutafuta watu waliopotea, bosi alinitupia mimi fomu. HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, naiandika huku nasikiliza umbea. Nikaweka visanduku: jina, umri, alama mwilini. Cha "mtu wa mwisho kumwona" nikakifanya cha lazima. Ukikiacha tupu, kitufe cha kutuma kinagoma.

Ofisini sikumwambia mtu kwamba kaka yangu naye alipotea, mwaka wa tisa sasa.

Wiki tuliyofungua tovuti, saa nne asubuhi, taarifa ya kaka ikaingia. Jina kamili, kovu la kidevuni, shati la kijani. Kwenye mtu wa mwisho kumwona pameandikwa: *Dada yake. Hajawahi kusema.*

Nikafuta. Kesho yake, saa nne ileile, ikaja tena, neno kwa neno. Nikafuta. Siku ya tatu nilikodolea macho saa ya ukutani, na ilipotimia saa nne, ikaja. Jambo lile tulilijua wawili tu, mimi na kaka.

"Vipi, umeona mzuka?" bosi akauliza.

"Naomba ruhusa, bosi. Naenda kwa mama."

Nilimkuta mama sebuleni, miwani puani, simu mkononi.

"Umekuja," alisema bila kuinua macho. "Nilidhani nitaituma mpaka vidole viote sugu."

"Mama, ulijuaje?"

"Nilizikuta funguo zake kwenye mkoba wako, wiki ileile. Nikasema nisikulazimishe, utasema mwenyewe. Miaka tisa, mwanangu! Ulipokuja kujisifu kwamba umetengeneza fomu ya kuuliza watu, nikasema basi, na ikuulize na wewe."

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia yote: nilimkuta kaka barabarani anapanda lori la kubeba mbao, linaelekea mpakani. Akanipa funguo, akaniapisha nisiseme mpaka jioni. Jioni niliogopa. Kesho yake niliogopa zaidi, na baada ya hapo ningeanzia wapi?

Mama hakunigombeza wala hakulia.

"Lori la rangi gani?"

"Bluu. Mlangoni limechorwa samaki."

Akaandika kwenye fomu kwa kidole kimoja, polepole.

"Alisema lolote juu yangu?"

"Alisema nisikuache peke yako."

Akaliandika na hilo. Kisha akanisogezea simu.

"Hapa panataka namba ya kupigiwa. Weka yako."