Udongo wa Mwantumu

Kitongoji chetu kiko katikati ya mikono miwili ya mto, upande mmoja Nachingwea, upande wa pili Ruangwa. Watu hukiita Kisiwani. Mwezi wa Aprili mwaka juzi mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika, na siku ya tano, baada ya sala ya adhuhuri, mikono yote miwili ikakutana kwenye nyua zetu.

Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini tuliporudi kutoka Lionja tulikohifadhiwa, hatukukuta nyumba hata moja. Kuta zilikuwa zimeyeyuka, mabati yamelala juu ya mchanga, na ufuta wote umefukiwa.

"Tutawanyike tu," akasema Mzee Masoudi, mwenyekiti wetu. "Mwenye ndugu Ruangwa aende Ruangwa, mwenye ndugu Nambambo aende Nambambo. Hapa hapakaliki."

Wengi tuliitikia kwa vichwa. Ndipo akatokea Mwantumu Saburi, mfinyanzi wetu, mama wa miaka sitini na kitu, amejitwisha chungu.

"Nimekikuta kimekwama kwenye mkorosho kule bondeni," akasema, akakitua mbele yetu. "Mto umekibeba na hakina hata ufa. Nyumba zetu zilikuwa udongo mbichi, hiki kimepikwa. Tuzipike na kuta."

"Udongo wa matofali tutautoa wapi, dada yangu?" Masoudi akauliza. "Kote mchanga."

Mwantumu akainama, akapangusa mchanga kwenye chungu. Wote tulijua ana shimo lake la udongo, alilorithi kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Shimo hilo ndilo lililomlelea watoto watano.

"Ninao," akasema hatimaye. "Kule kwenye mwinuko, nyuma ya kichuguu. Njooni na majembe."

Mwinuko uliobaki ulikuwa shamba la mikorosho la Masoudi, iliyopandwa na baba yake. Maji hayakufika huko. Mzee akazihesabu safu zake kwa kidole, kisha akakohoa.

"Basi kateni safu tatu za juu. Magogo yawe kuni za tanuri, na nyumba zijengwe hapo hapo."

Tulianza kufyatua matofali siku iliyofuata. Tanuri la kwanza lilituaibisha: nusu ya matofali yalipasuka.

"Mnakwenda mbio kama mnafukuzwa," Mwantumu akatukaripia. "Udongo haukemewi. Uanikeni kivulini kwanza, unywe upepo."

Tukamsikiliza. Alipita kila asubuhi akigonga matofali yaliyoanikwa kwa kidole na kusikiliza mlio wake, na lililolia vibaya alilirudisha kwenye maji. Kufikia Novemba nyumba ishirini na sita zilikuwa zimesimama. Ya kwake ilikuwa ya mwisho, kwa matakwa yake mwenyewe. Siku tulipoiezeka, shimo lilikuwa limebaki mawe matupu.

Hakulalamika. Wanawake ndio waliokaa wakapanga zamu: kila Jumamosi wawili huvuka kwenda Kiegei, humletea udongo kwa ndoo. Jirani yangu Munira na mimi ndio tuliokwenda mara ya kwanza. Mwantumu akaukanda, akafinyanga chungu, akakichoma. Kikapasuka vipande viwili.

Tulidhani atalia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Udongo mgeni huu," akasema. "Bado haujanizoea. Leteni mwingine."