Imerejeshwa Kamatini

Eliane alipotoka kwenye kikao cha Seneti, wenzake walimdaka pale ngazini kabla hajavuta pumzi.

"Enhe, tumeshinda?" aliuliza Baudouin. "Wameyaacha au wameyafuta?"

Eliane alikuwa ndani asubuhi nzima, na kila neno alilisikia. Lakini hata ungemkaba koo, asingeweza kukwambia kilichoamuliwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chuo chao, pale Mbarara, kilikuwa na kozi ya ukalimani, iliyoanzishwa kwa ajili ya hospitali na mahakama za upande ule, ambako mgonjwa huweza kufika na Kirundi chake au Kifuliiru chake, na daktari ana Kinyankore na Kiingereza tu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipelekwa kila Jumatano Nakivale, kwenye kituo cha afya cha makazi ya wakimbizi, wakafanye kazi kwa vinywa vyao badala ya kalamu. Sasa kulikuwa na pendekezo kwamba mafunzo hayo ya vitendo yafutwe, na nafasi yake ichukuliwe na somo jipya la darasani liitwalo Nadharia za Tafsiri. Nani aliyependekeza? Kitivo kilisema ni idara. Idara ikasema ni wataalamu wa ubora. Wataalamu wa ubora nao wakasema wao hawapendekezi, wanashauri tu.

Eliane alikulia huko huko Nakivale. Alitoka Kivu ya Kusini akiwa mgongoni mwa mama yake, Madeleine, ambaye mpaka leo anauza samaki wadogo wa ndagala na unga wa muhogo sokoni. Wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wa wanafunzi katika Seneti kwa sababu haogopi watu wazima, na kwa wiki nzima alikuwa amejipanga. Chumbani kwake, mtaa wa Kakiika, alisimama mbele ya kioo akaisema hotuba yake mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta.

Ukumbini hakuna aliyeisikia hotuba hiyo. Hoja ya tisa, ile ya mafunzo, ilipofika, Eliane alinyoosha mkono, na mwenyekiti, Profesa Katungye, mzee mpole wa sauti ya chini, akamwambia kwa upole uleule, "Mwakilishi wa wanafunzi, hoja hii haijadiliwi leo. Inapokelewa tu."

Akaushusha mkono. Mtu mmoja upande wa dirisha akasema, "Napendekeza." Mwingine akasema, "Naunga mkono." Mwenyekiti akauliza, "Wanaokubali?" Mikono ikapanda ukumbi mzima. Eliane akamtazama mkuu wa idara yake, Dokta Kembabazi, mwalimu aliyempenda kuliko wote, ambaye ndiye aliyekuwa amekaa kando yake. Dokta alikuwa ameinua mkono. Basi naye akauinua. Wakahamia hoja ya kumi, iliyohusu rangi ya majoho ya mahafali, na hiyo ikazungumzwa mpaka chai ikapoa.

"Dokta," alimnong'oneza, "tumekubali nini?"

"Tumekubali kwamba ripoti ya pendekezo lile tumeipokea, na tunairejesha kamatini."

"Kwa hiyo mafunzo ya Nakivale yamebaki?"

"Hayajaondolewa."

"Basi yamebaki."

"Sikusema hivyo," alijibu Dokta Kembabazi, akampigapiga begani. Hakuwa anamficha kitu. Uso wake ulionyesha uchovu wa mtu aliyezoea kungoja.

Hayo ndiyo Eliane aliyowaeleza wenzake pale ngazini, na alipomaliza, Baudouin akamuuliza, "Sasa wewe ulipiga kura ya kutuokoa au ya kutuzika?"

"Sijui, Baudouin. Nakuapia, sijui."

Mwisho wa wiki akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa anachambua mboga ya lengalenga mlangoni, pamoja na jirani yao wa Kirundi, mama Angeline. Angeline alikuwa na sababu yake ya kutaka habari. Mwaka uliopita mkwe wake, Nathalie, alishikwa na uchungu wa uzazi, na pale kituoni wauguzi wakaanza kusema naye haraka haraka wakionyesha tumbo na gari la wagonjwa. Nathalie akadhani wanataka kumuua. Akashika chuma cha kitanda, akakataa kuguswa. Mwanafunzi mmoja wa ukalimani ndiye aliyeinama sikioni pake akamwambia kwa Kirundi kwamba mtoto amekaa vibaya, wanampeleka Mbarara akapasuliwe, na watamrudisha. Hapo akaachia kitanda. Mama na mtoto wako hai.

"Eli," alisema Madeleine, "bale bakubwa balisema nini?"

"Balisema inarudi ku kamati, mama."

"Kamati ya nani?"

"Sijue."

"Sijue namna gani? Weye haukukuwaka mule ndani?"

"Nilikuwaka. Na mukono nilinyanyua."

"Ulinyanyua mukono juu ya nini?"

Eliane akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati. Machozi yakamlenga. Mama Angeline akaliweka fungu la mboga chini.

"Usilie, mwanangu. Hata kanisani kwetu padri alishasema mambo ya paa yapo kwa kamati, na paa likajengwa."

"Lile paa linavuja, Angeline," alisema Madeleine.

"Linavuja, lakini lipo."

Jumatatu Eliane akaamua kuitafuta hiyo kamati. Katibu wa kamati ya mitaala, bibi mmoja mnene mwenye miwani kifuani, alimpokea vizuri. "Nyabo," akamwita kwa heshima ya kwao, "hiyo maneno sisi tulimaliza. Ilienda kwa kamati ya ubora. Uliza huko juu." Huko juu, kijana wa kamati ya ubora alishangaa. "Ubora? Hapana. Sisi tunangoja mitaala walete. Na mwenyekiti yetu iko likizo." Eliane akashuka tena. Bibi wa miwani akasema labda iko kwenye kamati ndogo. Ipi? Ile ambayo kamati ya mitaala iliombwa kuiunda. Imeundwa? Bado, kwa sababu wajumbe wake wanateuliwa na Seneti.

Eliane alikaa kwenye benchi nje ya jengo la utawala akajaribu kulifuata jambo lile akilini kama mtu anayefuata uzi uliochanganyikana. Kamati hii inaingoja ile, ile inaingoja Seneti, na Seneti imeshairejesha hoja kwa kamati. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa adabu, na kila jibu lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Angekutana na mwongo, angejua wa kumkasirikia.

Muhula mpya ukafunguliwa. Ratiba ilipobandikwa, wanafunzi wakasongamana mbele ya ubao, na Eliane akasikia jina lake likiitwa kwa hasira kabla hajafika karibu. Jumatano hapakuwa na Nakivale. Palikuwa na Nadharia za Tafsiri, asubuhi mpaka mchana.

Akaenda mbio kwa mpanga ratiba.

"Nani aliamua hili?"

"Mimi napanga vile naletewa," alijibu yule bwana bila kuinua macho.

"Nani alikuletea?"

Hapo bwana akasimamisha kazi yake, akafikiri kweli kweli. "Ilikuja," alisema mwishowe.

Dokta Kembabazi naye alikuwa amepigwa na butwaa. Alipoulizwa alifungua mikono yake miwili. "Eliane, mimi nilifikiri kamati imepitisha, nikanyamaza. Kamati nadhani nayo ilifikiri ni sisi."

"Sasa nifanye nini, Dokta?"

"Kikao kijacho, mwanzoni kabisa, kuna mambo yatokanayo na kikao kilichopita. Pale hawawezi kukwambia jambo halijadiliwi. Uliza swali moja. Usihutubu."

Siku ya kikao Eliane alivaa gauni lake la kanisani. Kumbukumbu zikasomwa, mwenyekiti akauliza kama kuna jambo litokanalo, naye akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuelezwa. Ni lini tulifuta mafunzo ya vitendo ya Nakivale?"

Mwenyekiti akapekua karatasi zake.

"Hatukuyafuta," alisema Profesa Katungye. "Tulirejesha kamatini."

"Kamati gani, mheshimiwa?"

Mwenyekiti akamtazama mkuu wa kamati ya mitaala. Mkuu wa kamati ya mitaala akamtazama wa ubora, aliyekwisha kurudi kutoka likizo. Wa ubora akasema kwamba kwa ufahamu wake jambo lilikwisha. Mwingine akasema halikwisha, liliidhinishwa kimsingi. Profesa mmoja wa sayansi, ambaye halikumhusu kabisa, akauliza kuidhinisha kimsingi ni kuidhinisha au siyo, na hapo ukumbi mzima ukapata moto. Watu wenye shahada ndefu walikuwa wanakatizana maneno. Eliane bado alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alihisi kitu kama faraja, kwa kuwa aliona kwamba hata wao hawajui. Kisha faraja ile ikampotea, maana kama hawajui wao, ni nani ajuaye?

Profesa Katungye aligonga meza. Alikuwa ameona haya, na hakuficha.

"Seneti haikufuta kitu," alisema. "Kisichofutwa na Seneti kipo. Wanafunzi waende Nakivale."

"Na somo jipya?" aliuliza mpanga ratiba kutoka nyuma. "Mwalimu ameshaajiriwa."

Mwenyekiti akafikiri. "Nalo liendelee, mpaka kamati itakapolitazama. Na mwakilishi wa wanafunzi aingie katika kamati hiyo. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Eliane hakuinua wake. Alikuwa bado anapiga hesabu ya alichosikia.

Basi ikawa hivyo. Mafunzo ya Nakivale yakarudi Jumatano, na Nadharia za Tafsiri zikahamishiwa Jumamosi asubuhi, siku ambayo wengi wao walikuwa wakienda nyumbani kusaidia shambani au sokoni. Baudouin alimwendea Eliane akiwa amefura.

"Tulikutuma utetee somo moja, umetuletea mawili!"

"Si mimi niliye..."

"Ni nani, basi?"

Baudouin akaondoka, na kwa muda mrefu hakumsalimia. Dokta Kembabazi alimpongeza koridoni, akamwambia ameshinda. "Nimeshinda nini, Dokta?" aliuliza Eliane. Dokta akacheka, akasema hilo waachie kamati. Na jioni ile mama yake alipopiga simu kuuliza kama batu bashukuru Mungu sasa ao bangoje kwanza, Eliane alimwambia washukuru. Mwenyewe alitamani sana kumshukuru mtu, au kumlaumu mtu, akakosa wa kumwelekezea.

Jumatano ya kwanza gari la chuo liliwashusha kituoni Nakivale kukiwa na foleni imejaa mpaka uani. Muuguzi alitoka mlangoni akiwa amemshika mkono mzee mmoja aliyevaa koti juu ya koti.

"Nani anajua Kirundi? Huyu muzee anaongea, anaongea, mimi sisikii kitu."

Eliane akasogea. Mzee aliitwa Valentin. Tangu asubuhi alikuwa ametumwa chumba cha vipimo, akarudishwa mapokezi, akapelekwa dirisha la dawa, akarudishwa tena, na sasa alikuwa amekata tamaa, anataka kwenda zake na kifua chake kinachokoroma. Eliane alimketisha kwenye benchi. Akamuuliza muuguzi, akasikiliza, akauliza tena pale ambapo hakuelewa, hata muuguzi akaguna. Ndipo akamgeukia mzee, akamweleza kwa Kirundi: kwanza utatoa makohozi kwenye kile kikopo, halafu utangoja hapa hapa, usiondoke, wataita jina lako, na dawa utapewa baada ya jibu, si kabla.

Mzee Valentin akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akashika magoti ili asimame.

"Ngoja, muzehe," alisema Eliane. "Niambie wewe sasa. Unaenda kufanya nini?"

"Naenda kuchukua dawa," alisema mzee.

Eliane akavuta pumzi, akakaa vizuri kwenye benchi, akaanza upya.