Ndege ya Stoo

Wateja walimwita Mama Sofa, na jina lilimkaa kama kitambaa kilichokatwa kwa kipimo. Alikuwa fundi wa kuvisha makochi, na viti vya magari vikija hakuvikataa, kwa miaka ishirini na mitatu, katika karakana iliyoshikana na ukuta wa nyumba yake. Mgongo wake ulikuwa unauma kwa zamu: asubuhi upande wa kulia, jioni upande wa kushoto. Vidole vilikuwa vimeota sugu ambazo hata sindano ya gunia ilijiuliza mara mbili kabla ya kuzitoboa.

Kaka yake mkubwa alikuja kukaa kwake wiki mbili. Wiki mbili zikazaa miezi kumi na minne.

Kila mtu alimwita Rubani, hata waliokuwa hawajui kwa nini. Alikuwa amerusha ndege miaka ishirini na sita, za mizigo na ndogo za abiria, mpaka siku alipokwenda kupimwa afya kama kila mwaka na daktari akasikia moyo wake unaruka mapigo. Leseni ikachukuliwa palepale. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, watoto kila mmoja na mji wake, basi akafunga sanduku akaja kwa mdogo wake. Mama Sofa hakulalamika. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini jamani, nundu ikikaa kimya kutwa, kwenye kiti kizuri cha wateja, mikono magotini, nayo inachosha.

Maana hakuwa anafanya kitu. Alikunywa chai akiletewa, akajibu akiulizwa. Ndege ikipita juu ya mabati, wapita njia wote waliinua shingo, yeye akatazama viatu vyake. Mama Sofa alikuwa akimwona kwa pembe ya jicho huku akipiga stepla, na moyo ukimkatika. Alijua, au alidhani anajua, kwamba mtu huyo anakufa kwa kiu ya anga.

Aliyeleta wazo ni binti yake, ambaye alikuwa anatengeneza kompyuta katika ofisi moja mjini na mjomba wake akimwita Injinia. Siku moja akiwa anamenya viazi alisema, "Mama, kuna watu wanajijengea chumba cha rubani nyumbani. Kiti, usukani, swichi, kila kitu. Halafu wanaunganisha na mchezo wa kompyuta, wanarusha ndege kwenye skrini. Ukikaa humo ni kama uko juu kweli."

"Wana kazi za kufanya watu hao?"

"Wana kazi, Mama. Ndiyo maana wanajenga."

Mama Sofa alicheka, ila jibu lile lilimwingia. Kesho yake alitoa marobota yote ya sponji katika stoo akayapanga chumbani kwake, mpaka kitanda kikabaki na njia ya kupita paka. Kisha akamwendea kaka yake na futi ya kupimia.

"Kaka, kutoka kiti cha rubani mpaka usukani ni kiasi gani?"

Rubani aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake. "Inategemea ndege."

"Ile uliyorusha mwisho."

Akanyoosha mikono mbele yake, hewani, kama mtu anayepokea mtoto. "Hapa," alisema. Mama Sofa akapima hewa ile akaandika.

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku saa kumi jioni alifunga karakana, akanawa gundi mikononi, akaingia stoo. Kiti alikipata kwenye lori bovu. Alikivua nguo zake zote kuukuu, akakivisha upya kwa ngozi nyeusi, mshono wa mara mbili. Ubao wa mbele aliukata kwa plaiwudi, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Mikono ya kuongezea nguvu za injini ilikuwa mipini ya miiko miwili, aliyoikata na kuishonea ngozi kwa mkono. Kanyagio za miguu zilikuwa za cherehani ya zamani. Binti alileta skrini tatu zilizotupwa ofisini, akazifufua moja baada ya moja, akavuta nyaya chini ya kila kitu hadi stoo ikaonekana kama ina mizizi.

Na Rubani akaanza kusema. Mwanzo neno moja moja, kama bomba lenye hewa. "Juu." "Kushoto." Baadaye akawa anasimama mlangoni na chai yake kabla hata ya saa kumi kugonga.

"Kiti kimekaa juu mno. Rubani hakai kama bosi."

"Anakaaje?"

"Kama mtu anayesikiliza mlango."

Mama Sofa akashusha kiti sentimita tatu. Kuhusu swichi ndiyo waligombana. Rubani alichora ubao wa juu wenye swichi arobaini na moja, na binti akasema mchezo wenyewe unahitaji tisa tu, nyingine hazitafanya kitu.

"Ziwekwe zote," alisema Rubani.

"Kaka, kila swichi ni tundu, na kila tundu ni mkono wangu huu. Hii ya nini?"

"Ya kuzuia barafu kwenye mabawa."

"Barafu! Kwa jua hili?"

"Huko juu, mdogo wangu, barafu haikuulizi umetoka wapi."

Akatoboa matundu arobaini na moja. Ilimchukua siku tisa, mikono ikiwa juu ya kichwa, vumbi la mbao likimwingia machoni. Wakati huo hoteli moja ilikuwa imemletea viti kumi na viwili vya ukumbini, na meneja wake akawa anapita kila Jumatatu kutazama, akitikisa kichwa kama anayetazama maiti. "Fundi, viti vyangu vimekuwa wapangaji hapa," alimwambia. Mama Sofa akaomba radhi. Usiku alilala kati ya marobota ya sponji kama mzigo mmojawapo, na asubuhi akaamka amechoka kuliko alivyolala. Lakini saa kumi ikifika miguu ilimpeleka stoo yenyewe. Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawajawahi kuubeba. Huu ulikuwa mzito, na aliubeba, kwa sababu kaka yake alikuwa anaongea.

Miezi saba ikaisha. Jumapili moja asubuhi, baada ya chai, binti aliwasha kila kitu. Skrini zikang'aa, uwanja mpana wa ndege ukatandazwa mbele ya kiti, mstari mweupe ukienda mbali. Mama Sofa alikuwa amevaa gauni lake zuri. Hakujua kwa nini. Aliona tu si vizuri kuja na aproni.

"Karibu, Kapteni," alisema binti.

Rubani aliingia taratibu. Alikaa, akafunga mkanda, akapitisha mkono juu ya swichi zote arobaini na moja, akizigusa kwa mpango wake, midomo ikitembea bila sauti. Mama Sofa alisimama nyuma, kiganja juu ya mgongo wa kiti, akahisi mshono wake mwenyewe. Mngurumo ukapanda kutoka kwenye spika. Mstari mweupe ukaanza kukimbia, ukakimbia zaidi, kisha ardhi ikaanguka chini na mbele kukawa na anga tupu.

"Ee Mungu wangu," alinong'ona Mama Sofa, na tumbo lake likabaki nyuma, kama kweli.

Alirusha vizuri. Hata asiyejua angejua. Mikono ilikuwa myepesi, haina haraka, ndege ikikata kona kama kisu kwenye siagi. Dakika kumi hivi. Kisha, bila kusema kitu, Rubani akatoa mikono kwenye usukani akaiweka magotini.

Pua ya ndege ikaanza kuinama.

"Mjomba?" alisema binti. "Mjomba, vuta. Vuta usukani!"

Hakuvuta. Alitazama ardhi inavyokuja, mashamba, barabara, paa za nyumba, mpaka skrini zote tatu zikasimama kimya na maandishi yakatokea kwamba ndege imeanguka. Akafungua mkanda. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake mgongoni lote. Akapita katikati yao, akatoka.

Binti alifumba mdomo kwa mkono. Mama Sofa alibaki ameshika mgongo wa kiti. Kitu cha kwanza kumjia hakikuwa huruma, kilikuwa hasira, tena hasira ya mtu aliyechoka, ambayo haina nguvu ya kupiga kelele. Akamfuata.

Alimkuta karakana, amekaa juu ya kiti kimojawapo cha hoteli, kilichovuliwa nguo, sponji nje.

"Miezi saba, Kaka," alisema. "Miezi saba mgongo wangu. Kama kuna kitu kimekosewa, si ungesema tu?"

"Hakuna kilichokosewa. Ni ileile." Akajifuta uso. "Hilo ndilo tatizo lake."

Mama Sofa akavuta kigoda akakaa.

"Miaka kumi na moja iliyopita," alisema Rubani, "injini ya kushoto ilizimika nikiwa na abiria kumi na tisa. Nikatua. Wote wazima. Wakanipigia makofi, wakanikumbatia, wazee wa watu wanalia begani kwangu. Kampuni ikanipa cheti. Na tangu siku ile, mdogo wangu, kila nikifunga mkanda miguu inakufa ganzi. Kila safari. Nilikuwa natapika chooni kabla ya kupanda, nanawa, nakuja kuwaambia watu karibuni."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningeacha vipi? Jina langu lenyewe ni Rubani. Hata watoto wangu waliniita hivyo. Daktari aliponiambia habari za moyo, nilishuka hadi kwenye gari, nikafunga vioo, nikacheka. Nilicheka mpaka nikaogopa moyo utasimama kweli. Kumbe kuna karatasi inaweza kukutoa huko bila mtu kukuita mwoga."

Mama Sofa alimtazama kaka yake kama mtu anayetazama kochi alilolikalia miaka yote, leo ndiyo anaona lilivyo ndani. Kumbe kutazama viatu kule hakukuwa kiu. Moyo wa mtu kichaka, walisema wahenga, naye alikuwa ameingia na futi ya kupimia.

"Sasa kwa nini hukuniambia siku ya kwanza? Nilikuja hapo na futi. Ungesema, dada, sitaki."

Rubani alisukuma sponji irudi ndani ya kiti. "Uliniuliza kitu," alisema. "Tangu nishuke, watu wananiuliza naendeleaje tu. Wewe ukaja ukaniuliza ni sentimita ngapi. Na kesho yake ukaja tena, saa kumi. Nikasema, nikimwambia ukweli hataniuliza tena. Atarudi kwenye makochi yake, mimi nitarudi kwenye kiti."

Mama Sofa alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani kilichogeuka machozi, akajifuta kwa upindo wa gauni zuri. "Mwanamume mzima," alisema. "Si ungeniuliza wewe basi! Ungeniuliza hata bei ya misumari."

"Sikujua inaruhusiwa."

"Ondoka juu ya kiti cha watu."

Akaondoka. Akasimama katikati ya karakana, mrefu, hajui aweke wapi mikono. "Nitaivunja mimi mwenyewe," alisema. "Stoo irudi kuwa stoo. Usishike hata bisibisi."

"Uvunje nini?"

"Ile ndege."

Hapo Mama Sofa akasimama pia, na sauti yake ikamshangaza hata yeye. "Usiiguse! Kiti kile nimekishona mimi. Matundu yale nimeyatoboa mimi. Wewe hutaki, sawa. Mimi sijapanda ndege hata siku moja maisha yangu yote, na leo tumbo langu limebaki nyuma. Ukigusa swichi moja tutakosana."

Rubani akaokota koleo.

Viti vya hoteli vilikabidhiwa vimechelewa wiki nne. Meneja alinung'unika kama kawaida yake, ila alivikalia vyote kumi na viwili na hakupata pa kukosoa. Misumari ya zamani ilikuwa imeng'olewa na Rubani, kwa koleo, polepole mno, akijichoma na kutukana kwa adabu. Hakuwa fundi na hakuwa na dalili ya kuwa. Lakini alikuwa anauliza: kitambaa hiki kinavutwa upande gani, gundi hii inakauka kwa muda gani. Mama Sofa alijibu bila kuinua kichwa, na mchana ukawa mfupi kidogo.

Mama Sofa aliingia stoo kila Jumapili. Wiki tatu za mwanzo aliitoa ndege nje ya mstari kabla haijaacha ardhi, na binti akacheka mpaka akakaa sakafuni. Siku nyingine hakurusha kabisa. Alikaa tu kwenye kile kiti cheusi, miguu juu ya kanyagio, macho yamefumbwa, injini ikinguruma taratibu, akapumzisha mgongo kwa robo saa ambayo hakuna mteja angeweza kumfikia.

Rubani hakuingia tena. Alikuwa anapita korido, na akisikia mngurumo unabadilika alisimama.

"Usivute sana," alisema siku moja kutoka nje, bila kuchungulia. "Ipe pua nafasi."

Mama Sofa akalegeza. Ndege ikajinyoosha, upeo wa mbali ukakaa sawa mbele yake.

"Hivyo?"

"Hivyo. Sasa iache, inajua kuruka. Wewe isikilize tu."

Mvua zilipoanza Rubani alikuwa ameshaleta kigoda. Alikiweka mlangoni, miguu nje, bega kwenye fremu, akisikiliza na kusema neno hapa na pale. Injini ikikohoa alishika fremu kwa mkono mzima, na Mama Sofa alijifanya haoni. Mbele zaidi ya hapo hakusogea, na dada yake hakumwita.