Upawa wa Mwanamkuu

Uligeuza uso, wewe. Usiape kwamba hukuwepo Kombani ile Ijumaa ya mwaka wa kwanza wa bendera ya uhuru, maana nusu ya Kwale ilikuwepo, na nusu iliyobaki ilihadithiwa kabla ya kulala. Uliona mawe yakiokotwa, ghafla ukawa na haja kubwa ya kuuliza bei ya mihogo. Haya, kwa kuwa hukutazama, utasimuliwa.

Aliyekuwa akitafutwa na mawe yale ni Rai, Mduruma wa upande wa Kinango, mchunga mbuzi, aliyebatizwa miezi minane nyuma na tangu siku hiyo hakuwahi kunyamaza. Alikuwa amekunja bati likawa pembe ya kunenea. Wakubwa wake wa kanisa walimwambia nenda sokoni ukashuhudie. Hawakumwambia ashuhudie nini. Basi akasimama mkabala na msikiti, watu wakitoka swala ya Ijumaa, akamwacha Yesu aliyetumwa kumtangaza, akamshika Mtume wa wenzake. Akamtaja yeye, akawataja na wake zake, kwa neno ambalo halitaandikwa hapa. Karatasi nayo ina heshima yake.

Soko likanyamaza. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya sikio, la pili likaiangusha pembe. Rai mwenyewe husema hakuogopa mawe; aliogopa ule ukimya. Mtu anayekutukana bado anazungumza nawe. Aliyenyamaza amekwisha kumaliza na wewe.

Ndipo Mwanamkuu alipopenya. Mjane wa Kidigo, muuza uji, mwili mnene na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mkononi ana upawa wake wa kifuu, bado unachuruzika.

"Huyo mwacheni. Ni wangu."

"Wako kwa lipi?" akauliza Zahoro, mchinja nyama, jiwe limemjaa kiganja. "Hukusikia alivyosema?"

"Nimesikia. Masikio ninayo mawili na yote ya Kiislamu. Ndiyo maana nataka nimpige mwenyewe. Huyu mtani wangu. Babu yake ndiye aliyemzika babu yangu. Tangu lini mtani wa mtu akapigwa na watu baki?"

Hapo watu wakatazamana. Utani si mchezo. Watani hutukanana na lisiwe kosa, hufa na wakazikana, na anayemwaga damu ya mtani wa mwenzake ameugusa ukoo mzima.

Zahoro hakuwa mjinga. "Na jina lake nani, huyo mtani wako?"

Rai akafumba macho. Mama huyu hakupata kumwona maishani mwake.

"Mtani ana jina? Tangu azaliwe mimi namwita Kichwa-kifuu. Hebu mtazame, halafu useme nimemsingizia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajaribu kukizuia kicheko, akashindwa. Mwanamkuu hakungoja. Alimtandika Rai upawa wa mgongo. "Huo wa Mtume." Akamtandika wa pili. "Huo wa mama zetu, wake zake. Na huu wa makelele, umeniamshia mjukuu. Tembea. Ungekufa hapa nani angekuzika, si mimi? Nikuchimbie kaburi kwa jua hili, na uji wangu uko motoni?"

Kicheko kikaenea. Watu wanaocheka hawalengi vizuri. Jiwe moja lilirushwa hata hivyo, likampiga Mwanamkuu begani; hakugeuka, aliendelea kumswaga mtani wake kama mbuzi mwizi mpaka kwenye lori la makaa lililokuwa likielekea Kwale.

"Panda."

"Mama," Rai akanong'ona, "mimi si mtani wako."

"Najua. Hata ukoo wako siujui. Nimesema uongo siku ya Ijumaa mbele ya msikiti kwa ajili ya hilo jichwa lako, na Mwenyezi Mungu atanihukumu apendavyo. Huyo Isa unayemfuata nasi ni nabii wetu. Mwombe akutie adabu. Panda, mwanangu."

Habari mbaya haingoji lori. Rai alipofika kwao, jina la yule mama akiwa amelipata kwa dereva, alikuta wanaume kumi na wawili mbele ya duka la Iddi, Mwislamu wa pekee kijijini, aliyewauzia chumvi miaka ishirini. Wana mapanga na debe la mafuta ya taa. Ndani, nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo, watoto wa Iddi walisikika wakilia. Aliyewaongoza ni Mangi, kiongozi wa kwaya.

"Itazameni damu ya shahidi," Mangi akasema. "Rai, ndugu yangu, sema neno moja tu."

Hapakuwa na mtu pale aliyemsikia Kombani. Akinyamaza, jioni ni shujaa, na Iddi ni majivu. Rai alihisi mgongo ukiwaka palipopita upawa.

"Nilianza mimi," akasema. "Nilimtukana Mtume wao na wake zake."

"Ulisema kweli."

"Nilisema uchafu, Mangi. Ningeusema juu ya mama yako ungenikata. Na aliyeniokoa ni Mwislamu, Mwanamkuu muuza uji. Alipigwa jiwe lililokuwa langu. Ninyi mlikuwa wapi?"

"Kwa hiyo umesilimu?"

"Nimeshukuru. Basi."

Akaenda akaketi kwenye kizingiti cha Iddi. "Mkichoma, anzeni hapa. Kwa leo nimezoea."

Mwishowe Karisa, mdogo wake Mangi, akaliweka panga kwapani. "Mimi naondoka," akasema. "Kesho mtanunua wapi chumvi, nyie?" Wakatawanyika mmoja mmoja. Mangi akatema mate, akalibeba debe lake.

Sasa sikia wanavyosimulia wakubwa. Msikitini wanasema, tulimsamehe. Kanisani wanasema, malaika wa Bwana alimtoa. Malaika gani mwenye upawa? Jina la Mwanamkuu halitajwi huku wala kule, na bega lake halinyanyuki vizuri hadi leo.

Rai, kanisani walimvua kazi ya kuhubiri. Hanung'uniki. Anashukuru kwa sikio, kwa mbuzi, kwa kila asubuhi anayoikuta bado ipo. Na kila Jumapili, wakati wa shukrani, husimama na kusema: "Namshukuru Mungu kwa Mwanamkuu wa Kombani." Mangi humwambia aketi. Watu huinama wakatazama vitabu vya nyimbo, hata wasiojua kusoma. Yeye haketi.

Wewe uliye benchi la nyuma, inuka. Jumapili hii, si ijayo. Nawe wa msikitini, Ijumaa watu wakiwa hawajatoka, mtaje mama huyo kwa jina lake, wakusikie. Kisha nenda Kombani ukamsalimie. Anza leo, angali hai.