Kopo la Miguu ya Cherehani

Nyumbani kwa Benedikta, pale Chemchem, Tabora, cherehani zilikuwa tisa na meza ya chakula haikuwapo. Ilikuwapo zamani, lakini siku moja iliwekewa cherehani mbili za mkono "kwa muda tu," na tangu siku hiyo mume wake, Revocatus, anakula sahani ikiwa mapajani. Revocatus hakuwa mtu wa ugomvi. Alichosema ni kwamba ikija ya kumi, yeye atahamia bandani kwa kuku.

Zote zilikuwa za zamani, nyeusi tii, zenye nakshi za dhahabu zilizofutwa na viganja vya watu waliokwisha kwenda zao. Moja aliikuta Urambo imeegemezwa kwenye mlango wa banda la mbuzi ili usifunguke. Nyingine alipewa na mama mmoja wa Ulyankulu kwa kubadilishana na magauni mawili. Alizifungua, akazisugua kwa mafuta ya taa, akazilainisha, mpaka zikazunguka tena bila kulalamika. Majirani walidhani ni ugonjwa. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta mguu.

Mguu wa cherehani ni kile kidude cha chuma kinachokanyaga kitambaa wakati sindano inashuka. Upo wa kushonea kawaida, upo wa kukunja pindo, upo wa kutia zipu. Na upo mmoja wa ajabu, wenye meno, unaosukuma kitambaa na kukikunja marinda wenyewe, yote sawasawa kama meno ya chanuo. Mama yake Benedikta alikuwa nao. Cherehani ya mama ilikuwa palepale Chemchem, ya kwanza katika zile tisa, lakini miguu yake ilikuwa Kigwa, ndani ya kopo la biskuti, kwa Mjomba Masolwa.

Ilikuwa hivi. Mama na mdogo wake Masolwa walikuwa mafundi wote wawili, wenye cherehani mbili za aina moja na kopo moja la miguu. Basi kopo likawa linasafiri kwa treni, mara Tabora, mara Kigwa, kama mtoto wa wazazi walioachana. Mama alipofariki, zamu ilikuwa ya Kigwa, likabaki huko. Benedikta aliomba, akabembeleza, akanuna. Mjomba alikuwa na jibu moja tu: "Nikifa utalichukua. Kwani una haraka nife?" Na miguu ya cherehani nyingine haikusaidia, maana wa hii haukubali kukaa kwenye ile. Kila alipoipata cherehani mpya, Benedikta aliujaribu mguu wake kwenye ya mama, ukakataa, naye akabaki na cherehani.

Basi Masolwa akafa, akiwa na miaka mingi na meno machache, usingizini, bila kumsumbua mtu. Benedikta alimlilia mjomba wake machozi ya kweli. Lakini, Mungu amsamehe, jicho moja lilikuwa linalia na la pili linatazama kabati.

Waombolezaji wakiwa wamekaa uani, sauti ikalia kutoka njiani: "Masolwa! Umekufa na suruali yangu!" Akaingia mzee mrefu mwembamba, kofia ya reli kichwani, koti la marehemu mwilini, futi kamba ya marehemu shingoni. Huyo ndiye Shomari, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Kigwa na kazi ya reli, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati mababu wa huku walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani. Mtani haalikwi msibani, hujileta. Humtania marehemu, huchukua anachokitaka, na wafiwa hukikomboa. Sheria ni moja tu: mtani hakasirikiwi.

"Wachimba kaburi wako wapi?" Shomari akauliza, akiinyoosha futi kamba. "Pimeni vizuri! Huyu hakuwahi kushona suruali mguu mmoja usiwe mfupi. Mkimpimia kwa futi yake, unyayo utabaki nje!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Hata mjane, Bi Kabula, alitikisika mabega. Benedikta peke yake hakucheka. Alikuwa fundi hodari, mtu wa ibada, na mwenye huruma akiombwa, ila mzaha Mungu alimnyima. Kisha Shomari akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti kwapani.

Benedikta alisimama kabla hajajua kama amesimama. "Weka chini! Weka chini hilo kopo, mzee! Hilo si la kuchezea!"

Wanawake wakashika midomo. Kumkaripia mtani msibani, mbele ya maiti! Bi Kabula akamvuta khanga, akamnong'oneza, "Hasira hasara, mwanangu. Kaa."

Shomari hakukasirika. Alilitikisa kopo sikioni, chuma kikalia ndani, uso ukamng'aa.

"Mababu zenu walibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi Bagamoyo bila kununa," akasema. "Leo mpagazi ananikaripia kwa kopo la biskuti! Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" uani ukaitikia.

"Basi halikombolewi kwa kuku. Atanishonea kanzu, maana suruali yangu marehemu ameondoka nayo. Ailete siku ya kuanua matanga. Na anichekeshe. Nisipocheka, kopo ni langu, nitatilia ugoro."

Benedikta alirudi Chemchem kichwa kinamuuma. Kanzu haikumtisha, angeishona akiwa amefumba macho. Lakini kuchekesha! Na kumchekesha nani, Shomari, mtu aliyekesha miaka yote akitukanana na Masolwa, ambaye kwa matusi matamu alikuwa bingwa wa njia nzima ya reli!

"Mama Stela, si kazi," Revocatus akamtia moyo, sahani mapajani. "Anza na ngoma. Wazaramo na ngoma zao."

Benedikta akajikohoza. "Shomari, ninyi Wazaramo mnapenda ngoma."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hiyo ni taarifa ya habari, mke wangu."

Wakajaribu na nazi, wakajaribu na uvivu. Kila utani uliotoka kinywani mwa Benedikta ulitoka umepigwa pasi. Mwishoni Revocatus alicheka kweli, lakini alikuwa anamcheka yeye, na hilo halikuhesabika.

Siku nzima alikaa mbele ya kitambaa cheupe, mkasi mkononi, hakati. Alimwaza mjomba wake na zile suruali zenye mguu mmoja mfupi, jinsi wateja walivyolalamika na bado wakarudi. Halafu kitu kikamtekenya kifuani, kitu asichokizoea. Akachukua simu.

"Mpagazi!" Shomari akapokea. "Kanzu imefika wapi?"

"Shikamoo, mzee. Imekwama. Humo koponi kuna mguu mmoja wenye meno. Bila huo, kanzu yako haiishi."

"Wenye meno? Si utaning'ata?"

"Hapana, ni wa kushonea."

"Una kazi kubwa, wewe binti," Shomari akasema kwa huruma. Lakini kesho yake dereva wa Noah ya abiria ya Kigwa alimkabidhi Benedikta kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo, na ndani yake mguu wa marinda.

Aliufunga kwenye cherehani ya mama. Ukaingia bila kubembelezwa, skrubu ikakaza, akashika mpini akazungusha. Ta-raka, ta-raka, ta-raka. Ilikuwa ni sauti ileile. Ile aliyoisikia akiwa mtoto chini ya meza wiki ya kuelekea Krismasi, akijua kwamba kila "raka" ni rinda moja la gauni lake. Kitambaa kikawa kinaingia kimelala na kutoka kimesimama. Benedikta alizungusha mpini, machozi yakamwagika hadi kwenye bamba, akayafuta haraka yasije yakatia kutu. Alifurahi kupita kiasi. Hakuna neno lingine la kulisema hilo.

Revocatus alimtazama kutoka mlangoni. "Mguu si umeshaupata? Kanzu mpe, kopo mwachie atilie ugoro wake."

Benedikta aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mama wa jumuiya ya kanisani. Mwishoni akatikisa kichwa. "Ameutuma kwenye leso, Baba Stela. Ameufunga na fundo." Kisha akaendelea kuzungusha, na usiulize marinda yalikuwa safu ngapi. Alipofika kwenye pindo la chini alipima, akapima tena, akashusha pumzi, akakata. Mkono wenyewe ulikataa, ikabidi aulazimishe. Revocatus alipoona alichokata, alitoka nje akachekea huko.

Siku ya kuanua matanga uwanja wa Masolwa ulijaa, na habari ya kanzu ilikuwa imetembea kituo hadi kituo. Shomari alikaa mbele, kopo mapajani. Benedikta akamkabidhi kanzu kwa mikono miwili, uso umekaza kama anakabidhi sadaka.

Shomari akaikunjua. Marinda kwenye kola. Marinda kwenye mikono. Marinda kifuani safu kwa safu, na chini, kuzunguka pindo lote, marinda mapana ya gauni la bi harusi. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakaangukia majirani zao. Shomari akaivaa juu ya nguo zake, akajizungusha mara moja, marinda yakapepea. Lakini hakucheka. Alibana midomo, akamtazama Benedikta kama bwana shamba anayekagua tumbaku.

"Kanzu nimeiona," akasema. "Kicheko sijakiona."

Kopo lilikuwa pale, hatua chache, na vyote alivyojua vilikuwa vimeisha isipokuwa kimoja.

"Mzee, tazama chini," akasema.

Shomari akatazama. Upande wa kulia kanzu ilifika kifundoni. Upande wa kushoto ilikuwa imepanda juu kiganja kizima, na kisigino chake kilichopasuka kilionekana hadharani.

"Nimeshona kwa futi ya mjomba," Benedikta akasema, bila hata kutabasamu. "Ukiona hairuhusu kutembea, mfuate mwenyewe akurekebishie."

Kicheko kilianzia tumboni kwa Shomari, kikapanda, kikamvunja kiuno. Alicheka akishika magoti, akacheka akishika ukuta, kofia ikaanguka. Kila alipotaka kusema neno alitazama lile pindo, kikamshika upya. Kisha kicheko kikabadilika. Mabega yaliendelea kutikisika, lakini watu waliokuwa karibu waliona kwamba mzee analia, analia kwa sauti, amejifunika uso na mikono yenye marinda. Siku ya mazishi hakuwa amelia. Mtani halii msibani. Kazi yake ni nyingine.

Bi Kabula alimsogelea akamshika bega. Benedikta naye akasogea, akainama, akaokota kofia, akabaki nayo mkononi.

"Haya," Shomari akasema baada ya kupenga kamasi. "Umenikomboa mpaka mimi mwenyewe. Chukua kopo lako, mpagazi."

Benedikta alilifungua palepale. Ndani kulikuwa na kitambaa cha mama yake chenye vimfuko, kila mguu na kimfuko chake. Akatoa leso, akaurudisha wa marinda mahali pake, akapitisha kidole mfuko hadi mfuko. Mmoja ulikuwa mtupu.

"Wa kukunja pindo haupo," akasema.

"Ninao mimi." Shomari akapapasa mfuko wa koti chini ya kanzu. "Huo sikupi. Ukichukua vyote, kesho utanijia kwa lipi? Masolwa alikuwa anakuja kila jioni kunitukana. Sasa nikae na nani hapa Kigwa, nitaniane na mbuzi?"

Mtu aliyetafuta mguu kwa miaka yote hiyo, akajaza nyumba chuma, akamnyima mume wake meza, mtu huyo si wa kuambiwa aondoke na kopo lenye pengo. Benedikta alifungua kinywa. Akamtazama yule mzee aliyevaa gauni lililopinda, macho mekundu, mkono umekumbatia mfuko. Akafunga kinywa, akafunga na kopo.

Kisha akaipachika kofia ya reli kichwani mwake mwenyewe, juu ya kilemba cha kitenge, akaiweka sawa.

"Na hii inakwenda Chemchem," akasema. "Ukiitaka, njoo uikomboe."

Akaanza kutembea kuelekea kwenye Noah. Nyuma yake uwanja ulilipuka, na Shomari akamkimbilia, marinda yakiruka, upande mmoja juu upande mmoja chini, akipiga kelele, "Mwizi! Kamateni! Wapagazi wameanza kuiba vya reli!" Revocatus, aliyekuwa amemwekea mke wake kiti garini, anasema hajawahi kumsikia akicheka namna ile, na wameoana miaka mingi.

Kofia ilining'inizwa kwenye cherehani ya tisa, karibu na dirisha. Ya kumi haijaletwa. Na Jumamosi moja Revocatus aliporudi alikuta meza ya chakula imeachwa wazi, sahani tatu juu yake, maana Shomari alikuwa amepiga simu kwamba anakuja kudai kofia yake, na kwamba asipikiwe ugali wa Kinyamwezi.

Benedikta alikuwa jikoni anausonga, mkubwa kuliko kawaida.